Jinsi ya Kupima Mchapuko wa Gololi Mteremkoni kwa Paipu, Bano na Simu

Chukua mfereji wa mita 2, inua ncha yake moja kwa sentimita 10, kisha achilia gololi ya kioo kutoka juu. Itafika chini baada ya sekunde 3.4 hivi. Mwanafunzi akichukua kanuni ya kitu kinachoteleza bila msuguano, atakokotoa sekunde 2.9. Nusu sekunde hiyo imewafanya wanafunzi wengi wafute namba walizopima na kuandika nyingine "zinazokubali". Nakuomba usifanye hivyo. Gololi inachelewa kwa sababu inabiringika badala ya kuteleza, na kuchelewa kwake kunaweza kukokotolewa kabla hujagusa rula.

Nimeuandika mwongozo huu kwa mwanafunzi wa sekondari, kwa mwalimu ambaye maabara yake ina meza na ubao tu, na kwa mzazi anayetaka kufanya jaribio na watoto sebuleni. Vifaa vyote vinapatikana soko la Kibuye hapa Kisumu, au kwa mafundi wa jua kali Nakuru, Kakamega, Busia na kwingineko.

Mchapuko ni kiasi ambacho kasi huongezeka kila sekunde. Gololi yenye mchapuko wa mita 0.35 kwa sekunde kwa sekunde ikianza kutoka utulivu, baada ya sekunde 1 inakwenda sentimita 35 kwa sekunde, baada ya sekunde 2 sentimita 70, na kuendelea. Hatuna kifaa cha kuipima kasi hiyo moja kwa moja. Tunapima umbali na muda, halafu hesabu inatupa kilichobaki.

Vifaa

Njia ya kupitia gololi ndiyo yenye uzito kuliko vifaa vingine vyote. Nenda kwa fundi wa mabomba uombe kipande cha paipu ya PVC ya maji taka, inchi moja na nusu, urefu wa mita 2.2 hivi. Vipande vilivyobaki kazini huuzwa kwa bei nafuu ukizungumza na fundi vizuri. Ipasue kwa urefu katikati kwa msumeno wa chuma, au mpelekee fundi mbao mwenye msumeno wa umeme. Utapata mifereji miwili. Mmoja mpe mwenzako naye ajaribu.

Mfereji wa plastiki peke yake hulegea katikati. Ulaze juu ya ubao mnyoofu wa inchi 2 kwa 3 na uushikilie kwa gundi na misumari midogo ubavuni. Ndani ya mfereji kusiwe na kichwa cha msumari wala tone la gundi. Unaponunua ubao, uinue hadi usawa wa jicho, fumba jicho lingine, utazame ukingo wake kutoka ncha hadi ncha kama wafanyavyo mafundi. Sayprasi mbichi hujipinda ikikaa juani, kwa hiyo tafuta iliyokauka.

Gololi ni bano za kawaida za watoto, zile za kioo zenye kipenyo cha milimita 16 hivi. Ukiweza, pata pia gololi za chuma kutoka kwenye beringi kuukuu; gereji nyingi huzitupa. Ongeza tepu ya kupimia, rula ya mbao, pimamaji, uzi wa fundi, kipande cha chuma kinachoingia ndani ya mfereji kama kizuizi cha mwisho, vipande vya mbao vya kuinulia, na simu yenye saa ya kuhesabu sehemu za sekunde.

Hatua ya 1: Nyosha, kisha sawazisha

Vuta uzi juu ya mfereji kutoka ncha moja hadi nyingine, ukaze. Nafasi kati ya uzi na kingo iwe ileile kila mahali. Ubao ukilegea katikati hata kwa milimita chache, gololi itakutana na mteremko mkali juu na mteremko mpole chini, na namba zako zitapinda bila wewe kujua sababu. Dawa yake ni kuweka kiegemezo cha tatu katikati.

Usiiamini sakafu. Nyumba nyingi humiminiwa saruji yenye mwinamo kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuosha yatoke. Laza ubao chini, weka pimamaji, kisha weka gololi katikati. Ikikaa, geuza ubao ncha kwa ncha, ujaribu tena. Ikikaa mara zote mbili, una mahali pa kuanzia. Angalia pia mwinamo wa upande kwa upande. Mfereji ukiegemea upande mmoja, gololi hupanda ukuta na kushuka, na njia yake inakuwa ndefu kuliko ile uliyoipima kwa tepu.

Fanya kazi ndani ya nyumba, na ikiwezekana asubuhi. Mchana upepo wa ziwani huingia kwa nguvu madirishani, na gololi nyepesi huusikia.

Hatua ya 2: Pima mwinamo bila kutumia pembe

Kipimapembe cha seti ya hesabu hakifai hapa. Mwinamo tutakaotumia ni kama nyuzi 3, na ukikosea nusu ya nyuzi umekosea takriban sehemu moja kwa sita. Pima kimo badala ya pembe.

Weka alama mbili kwenye ubao, mita 2.00 kamili kati yake, ukipima kando ya ubao wenyewe na si sakafuni. Inua ncha ya juu. Kisha pima kimo cha kila alama kutoka kwenye usawa ulio sawa kwelikweli, utoe kidogo kutoka kwa kikubwa. Tofauti hiyo iite h, na zile mita 2.00 ziite L. Mgawo h ÷ L ndio mwinamo wako. Kwa h ya sentimita 10 ni 0.10 ÷ 2.00, yaani 0.05.

Usawa huo unaupata wapi ikiwa sakafu si ya kuaminika? Tumia mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao waashi hujaza maji ili kuhamisha usawa kutoka kona moja ya nyumba hadi nyingine. Shika ncha moja kwenye alama ya juu na nyingine kwenye alama ya chini. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, nawe unapima kutoka kwenye uso wa maji hadi kwenye ubao, pande zote mbili. Hakikisha hakuna kiputo cha hewa ndani ya mpira. Kwa njia hii unaweza kupata h kwa uhakika wa milimita moja au mbili. Katika sentimita 10 hilo ni kosa la asilimia 1 au 2, dogo kuliko kosa la saa.

Hatua ya 3: Chagua mwinamo mpole

Wengi huinua ubao sana ili gololi "iende vizuri". Ikienda vizuri namna hiyo, huwezi kuipima. Kidole chako kwenye saa kina kosa la sehemu moja ya kumi ya sekunde, kidogo zaidi au kidogo chini ya hapo. Muda ukiwa sekunde 3.4, kosa hilo ni asilimia 3. Ukiinua ubao hadi sentimita 40, gololi inamaliza mita 2 kwa sekunde 1.7, na kosa lilelile sasa ni asilimia 6. Tena katika hesabu ya mchapuko muda unazidishwa kwa wenyewe, kwa hiyo kosa linakuwa maradufu: asilimia 6 kwa mwinamo mpole, 12 kwa ule mkali.

Kati ya sentimita 5 na 20 kwa kila mita 2 ndipo mahali pazuri. Chini ya hapo, vumbi na makwaruzo ya plastiki huanza kutawala mwendo. Pangusa mfereji kwa kitambaa kikavu kabla ya kila zamu, hasa kama uko Nakuru wakati wa kiangazi.

Hatua ya 4: Achilia bila kusukuma

Weka rula wima ndani ya mfereji, mbele ya gololi, gololi iiegemee. Wakati wa kuachilia, ondoa rula haraka kuelekea chini ya mteremko na juu, iikimbie gololi. Ukiivuta rula juu taratibu, itaibingirisha gololi kidogo kabla ya wakati wake. Ukiivuta upande, gololi itaanza kuyumba.

Umbali s ni kutoka uso wa rula unaogusa gololi hadi uso wa kizuizi cha chuma. Mbele ya gololi huanzia kwenye rula na mbele hiyohiyo ndiyo hugonga chuma, kwa hiyo huna haja ya kukisia katikati ya gololi iko wapi.

Anayeachilia awe ndiye anayeshika saa. Mkono mmoja kwenye rula, mwingine kwenye simu, vyote viwili pamoja. Watu wawili wakigawana kazi, mmoja akiita "twende" na mwingine akibonyeza, mnaongeza ucheleweshaji wa sikio la mtu wa pili. Mwisho wa safari unauona ukija, kwa hiyo kidole hujiandaa, na mlio wa chuma unakuthibitishia.

Rudia mara tano kwa kila umbali, uandike zote tano. Jaribio likiharibika kwa sababu unayoijua, kama gololi kugusa ukingo au rula kukwama, lifute palepale na uandike sababu. Usifute namba kwa kuwa tu hukuipenda. Ukimaliza, zipange kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati.

Hatua ya 5: Badilisha umbali

Acha mwinamo palepale kwenye sentimita 10 na usogeze kizuizi: sentimita 50, 100, 150, 200. Hivi ndivyo hesabu inavyotarajia muda utokee kwa gololi nzima, isiyo na uwazi ndani, ikibiringika kwenye mfereji wa mviringo: sekunde 1.69, 2.39, 2.93 na 3.38. Zako zinaweza kuwa kubwa kidogo, kwa sababu kubiringika nako kuna ukinzani wake. Zikiwa ndogo kuliko hizi kwa namna ya kuonekana, kwanza chunguza rula, kwani huenda unaisukuma gololi, kisha pima h upya.

Tazama namba hizo kwa makini. Umbali wa pili ni maradufu ya wa kwanza, lakini muda haukuongezeka maradufu. Ilibidi umbali uwe mara nne, kutoka sentimita 50 hadi 200, ndipo muda uwe mara mbili, kutoka 1.69 hadi 3.38. Umbali unakwenda na muda uliozidishwa kwa wenyewe. Galileo aliyaeleza haya katika kitabu alichochapisha mwaka 1638, baada ya kubingirisha mpira wa shaba nyeusi katika mfereji uliochongwa kwenye boriti na kutandikwa ngozi laini. Hakuwa na saa ya sekunde. Aliacha maji yatiririke kutoka chombo kikubwa kupitia tundu jembamba, kisha akapima uzito wa maji yaliyokusanyika. Kwa hiyo shule isiyo na saa za maabara haina sababu ya kuliruka jaribio hili.

Hatua ya 6: Kokotoa

Kwa jaribio moja: a = 2s ÷ t², ambapo a ni mchapuko na t ni muda. Kwa mita 2 na sekunde 3.38, ni 4 gawanya kwa 11.4, jibu 0.35.

Usiishie hapo, kwa maana grafu itakuonyesha makosa ambayo namba moja inayaficha. Chora grafu ya umbali s kwenye mhimili wa wima na t² kwenye mhimili wa ulalo. Pointi zikijipanga kwenye mstari mnyoofu unaopita kwenye sifuri, mchapuko ni uleule njia nzima, na mwinamo wa mstari huo ni nusu ya mchapuko. Mstari ukipinda, rudi kwenye uzi na uangalie kama ubao umelegea.

Kuna grafu ya pili ambayo naipenda zaidi. Weka kipeuo cha pili cha umbali, √s, kwenye mhimili wa ulalo, na muda t kwenye wima. Kidole chako kikiwa na tabia ya kuchelewa, huchelewa kwa kiasi kilekile kila mara, iwe gololi imekwenda sentimita 50 au mita 2. Hapo mstari hubaki mnyoofu ila hukata mhimili wa wima juu ya sifuri, na mahali unapokata ndipo panapokuambia kidole kimechelewa sekunde ngapi. Mwinamo wa mstari hauguswi na ucheleweshaji huo. Uite mwinamo m. Mchapuko ni 2 ÷ m². Kwa mfano wetu m ni karibu 2.39, na 2 ÷ 5.7 inatupa 0.35 tena.

Kwa nini si 0.49

Kitu kinachoteleza bila msuguano wowote kingekuwa na mchapuko wa g × h ÷ L, ambapo g ni mchapuko wa kitu kinachoanguka huru. Vitabu vya shule hutumia g ya 10. Hapa kwetu, karibu kabisa na ikweta na juu ya mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, g iko karibu na 9.78, kwenye ncha za dunia ni 9.83. Tofauti kati ya 10 na 9.78 ni asilimia 2 hivi, ndogo kuliko kosa la kidole, lakini tumia 9.78, maana ndiyo iliyopo chini ya miguu yako. Mara 0.05 inakuwa 0.489.

Gololi yako imetoa 0.35. Mwanafunzi ataandika "kwa sababu ya msuguano" na kufunga daftari. Jibu hilo halitoshi, na linapotosha. Gololi ikishuka, nishati inayopata kutokana na kushuka inagawanyika: sehemu inaisogeza mbele, sehemu inaizungusha. Kwa tufe lililojaa, kila sehemu saba za nishati hiyo, tano zinakwenda kwenye mwendo wa mbele na mbili kwenye mzunguko. Mchapuko nao unakuwa tano kwa saba ya ule wa kuteleza: 0.489 × 5 ÷ 7 = 0.349. Msuguano upo, na ndio unaoizuia gololi isiteleze papo hapo inapogusa mfereji, lakini hauli nishati hiyo. Unaihamishia kwenye mzunguko. Kinachopotea kweli ni kile kidogo kitakachobaki kati ya 0.349 na namba uliyopima.

Katika kanuni hiyo hakuna uzito wala kipenyo. Bano ndogo na bano kubwa, ya kioo na ya chuma, zote zina tano kwa saba. Zibingirishe moja baada ya nyingine, ulinganishe muda. Sasa chukua mpira wa tenisi ya meza, ambao ni mtupu ndani: ukibiringishwa kwenye ubao bapa, maana ni mpana mno kwa mfereji huu, uwiano wake ni tatu kwa tano, na kwa mita 2 hizo hesabu inatoa sekunde 3.7, kabla ya hewa kuuchelewesha zaidi. Kipande cha nondo au chuma kingine cha mviringo kilichojaa, kikibiringishwa kwenye ubao bapa, kina mbili kwa tatu: sekunde 3.5. Pete ya paipu iliyokatwa, nusu: sekunde 4.0. Umbo la ndani la kitu linasomeka kwenye saa bila kukipasua. Nimeona wanafunzi wakinyamaza kabisa wanapolielewa hili, kisha wakaanza kutafuta kila kitu cha mviringo kilichomo darasani wakibingirishe.

Badala ya mfereji wa mviringo, jaribu chuma cha pembe, kile mafundi wa jua kali wanachokiita anglaini, cha inchi moja kwa inchi moja. Kilaze kama herufi V, pande zote mbili zikiinama sawa. Gololi sasa haikanyagi sakafu. Inagusa kuta mbili, ikining'inia kati yake. Sehemu zinazogusa ziko karibu zaidi na mhimili wa mzunguko, kwa hiyo ili iende mbele sentimita zilezile, gololi lazima izunguke mara nyingi zaidi. Mzunguko unachukua fungu kubwa zaidi la nishati, na uwiano unashuka hadi tano kwa tisa. Mchapuko ni 0.272 na mita 2 zinachukua sekunde 3.8. Gololi ileile, kimo kilekile, umbali uleule, na tofauti ya karibu nusu sekunde ambayo hata saa ya mkononi inaiona. Ukifanya jaribio moja tu kati ya haya yote, fanya hili.

Hatua ya 7: Badilisha kimo

Rudi kwenye mfereji wa mviringo, umbali ubaki mita 2, uinue ncha hadi sentimita 5, 10, 15, 20. Muda unaotarajiwa ni 4.79, 3.38, 2.76 na 2.39. Kokotoa mchapuko wa kila kimo, kisha chora mchapuko dhidi ya h ÷ L. Mwinamo wa mstari huo unapaswa kukaribia 7.0, kwani tano kwa saba ya 9.78 ni 6.99. Zidisha mwinamo uliopata kwa 7, gawanya kwa 5, na umepima g kwa bano ya watoto.

Uzuri wa grafu hii ni kwamba inasamehe. Sakafu ikiwa na mwinamo ambao hukuugundua, kila h itakuwa na kosa lilelile, na mstari wote utahama pembeni bila kubadilisha mwinamo wake. Ukinzani wa kubiringika nao utaushusha mstari chini kidogo. Ukikata mhimili wa ulalo kwenye 0.003, kwa mfano, basi gololi yako inahitaji mwinamo wa sehemu 3 kwa 1,000 ili tu idumishe mwendo, mradi sakafu ulishaikagua.

Bila saa kabisa

Weka alama kwenye mfereji, sentimita 12, 48, 108 na 192 kutoka kwenye rula. Hizi ni 12 mara 1, mara 4, mara 9 na mara 16. Kwenye kila alama bandika kwa gundi kipande cha mpira mwembamba wa kufungia noti, ukatishe ndani ya mfereji ukigusa sakafu yake, ili gololi ikiuruka itoe mlio mdogo. Uwe mwembamba kadiri unavyoweza kupata, usije ukaipunguzia gololi kasi.

Achilia, usikilize. Nafasi kati ya alama zinazidi kupanuka, sentimita 12, 36, 60, 84, lakini milio inakuja kwa mapigo yaliyolingana, kila sekunde 0.83 hivi kwa kimo cha sentimita 10. Sogeza alama moja kwa sentimita chache na sikio litalalamika mara moja. Mtu aliyekua akisikia nyatiti, mahali ambapo mpigaji anashika mapigo kwa pete ya chuma ya kidole cha mguu huku vidole vya mikono vikicheza nyuzi, atagundua pigo lililochelewa haraka kuliko kidole chochote kwenye kioo cha simu. Kwa darasa la wanafunzi wengi na ubao mmoja, njia hii inazidi zote. Wote wanapima kwa pamoja, kwa masikio.

Simu kama kifaa cha maabara

Video ya kawaida huchukua picha 30 kwa sekunde. Mwendo wa polepole wa simu nyingi huchukua 120 au 240. Weka simu mbali kidogo, iangalie katikati ya mfereji kwa unyoofu, na uhesabu picha kutoka rula inapoachana na gololi hadi gololi inapogusa chuma. Kwa picha 120 kwa sekunde, picha 406 ni sekunde 3.38. Programu ya bure ya VLC kwenye kompyuta husogeza picha moja moja ukibonyeza E. Kabla ya kuamini, piga video ya saa inayohesabu sekunde uone kama simu kweli inatoa idadi inayodai. Baadhi hazitoi.

Programu ya bure ya phyphox, iliyotengenezwa chuo kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ina saa inayoanza na kusimama kwa sauti. Gonga rula kwa msumari iruke mbele. Mlio huo unaianzisha, na mlio wa gololi kwenye chuma unaisimamisha. Weka muda mdogo wa kungoja wa nusu sekunde, ili mwangwi wa mlio wa kwanza usiisimamishe. Mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, acha. Saa itasikia matone.

Onyo moja kwa wanaofunga simu juu ya kigari na kusoma kipimo cha mchapuko ndani yake. Simu iliyotulia kwenye mteremko tayari inaonyesha namba kando ya mteremko, nayo ikiachiliwa iteremke, namba hiyo inashuka kuelekea sifuri. Kipimo hicho huhisi msukumo wa kile kinachoishikilia simu, na hakiutofautishi na mvutano wa dunia. Mchapuko wa kigari ni tofauti kati ya namba ya kutulia na namba ya kuteremka.

Kutoka kwenye ubao hadi barabarani

Mwinamo wa 0.05 ni barabara inayoshuka mita 5 kwa kila mita 100. Kila anayesafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret anaijua miteremko ya Salgaa na Sachangwan, na anajua ajali zilizotokea huko. Chukua lori linaloteremka mwinamo wa 0.05 likiwa limetolewa gia. Magurudumu yake ni sehemu ndogo ya uzito wote, kwa hiyo mzunguko hauchukui karibu theluthi kama kwa gololi. Mchapuko unabaki karibu 0.4 hata baada ya kutoa ukinzani wa matairi. Likianza kutoka utulivu, ukiiacha hewa kando, baada ya kilomita 1 lina kasi ya mita 28 kwa sekunde, yaani kilomita 100 kwa saa, na dereva hajagusa mafuta. Mpe mwanafunzi anayejua kuendesha bodaboda hesabu hii aifanye mwenyewe kwa namba alizopima kwenye ubao.

Kuandika matokeo

Andika kimo, umbali, na nyakati zote tano za kila umbali, pamoja na aina ya mfereji na aina ya gololi. Bila kutaja mfereji, msomaji hawezi kujua kama alinganishe na tano kwa saba au tano kwa tisa. Toa mchapuko kwa tarakimu mbili, pamoja na kiasi cha shaka: 0.34, zaidi au pungufu 0.02. Tarakimu sita ulizopewa na kikokotoo hazimo kwenye saa yako. Mwisho weka namba uliyotarajia kando ya uliyopima, hata kama hazikukutana, na useme unadhani pengo limetoka wapi: ubao, kidole, vumbi au upepo.